Sifa za Daftari la Jua

Jua limesifiwa na wengi, na paneli inayolinasa imesifiwa na wauzaji wake, lakini daftari ambamo paneli hiyo huandikishwa bado halijapata msifuji, ingawa jua humwakia kila mtu ilhali daftari humwakia yule tu aliyejaza fomu. Lililokamilika kuliko mengi ni la Ujerumani, liitwalo Marktstammdatenregister, yaani orodha ya taarifa za msingi za soko la umeme na gesi, lililofunguliwa mtandaoni tarehe 31 Januari 2019, ambamo kila mtambo wa jua uliounganishwa na gridi sharti uandikishwe na mwenyewe ndani ya mwezi mmoja tangu uanze kazi. Katika pwani ya Afrika Mashariki mtoto mchanga huachwa apumzike ndani hadi arobaini yake. Paneli ya Ujerumani haina anasa hiyo.

Fadhila kuu ya daftari hili ni usawa. Daftari lilelile linalobeba Neurath, mojawapo ya mitambo mikubwa ya makaa ya mawe barani Ulaya, ndilo linalobeba paneli mbili zilizofungwa kwenye ukingo wa roshani, pembeni mwa kamba ya kuanikia nguo, ambazo inveta yake, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, haizidi voltiampea 800. Wajerumani huziita Balkonkraftwerk, maana yake kituo cha umeme cha roshani, na hulitamka neno hilo bila kucheka. Hivyo mstaafu aliyetaka kuchemshia chai yake kwa jua hujikuta amekuwa mshiriki wa soko mwenye namba inayoanza kwa ABR, na paneli zake zimekuwa kizio cha uzalishaji chenye namba inayoanza kwa SEE; na akiwa na betri, nayo huandikishwa peke yake, kwa kuwa daftari halisadiki kwamba vitu viwili vilivyofungwa na fundi mmoja, siku moja, kwa waya mmoja, vyaweza kuwa na undugu. Mbele yake hakuna mkubwa wala mdogo, isipokuwa kwamba Neurath ina wanasheria na mstaafu ana mjukuu anayekuja Jumapili.

Fadhila nyingine ni ndogo: halitozi ada, huficha anwani ya mwenye nyumba isisomwe na kila mpita njia, na humfundisha mtu uzeeni paa lake limeelekea wapi.

Iliyobaki ni fadhila ya kumbukumbu, na hapa msifuji hukabwa koo kidogo. Waliofunga paneli miaka mingi kabla ya 2019, wakiwemo waliokwisha kuzitangaza kwa mamlaka ileile inayoendesha daftari, walitakiwa kuziandikisha upya kabla ya Januari 2021 kwisha, la sivyo malipo ya umeme waliouza yangeweza kuzuiwa. Malipo hayo yalikuwa yakitolewa na nani? Na mwendesha gridi, ambaye kwa miaka yote hiyo alijua paa, mita na jina la mlipwaji. Ofisi mbili zilizokuwa na habari ileile zilimtuma mzee awe tarishi kati yao, na hadi leo mwendesha gridi akiona kosa katika alichokiandika mzee, fomu humrudia mzee.

Mwaka 2024 fomu ya paneli za roshani ilifupishwa, na wajibu wa kumwarifu pia mwendesha gridi ukafutwa, kwa kuwa habari hizo yeye huzipata daftarini. Inaelekea ofisi hizo zilikuwa na uwezo wa kusemezana tangu awali, ila hazikuwa zimejulishana. Wenye mitambo ya paani wangali na fomu ndefu, na paneli ikifa, kifo chake nacho hutakiwa kuandikishwa ndani ya mwezi mmoja, kabla ya arobaini yake.