Muulize Bibi wa Mwembeni: Mvua, bembea na daladala ya Kipalapala

*Shikamoo Bibi. Nakaa Kipalapala, nina watoto wanne na mwavuli mmoja. Niliwaahidi kuwapeleka mjini kwenye bembea na jumba la upepo la kurukia. Jumapili tukapanda daladala, tukalipa kiingilio, na kabla mdogo hajavua viatu mvua ikamwagika. Jumba la upepo likasinyaa. Kijana wa tiketi akasema hela ikiingia haitoki. Nimshtaki? – Baba Wanne*

Marahaba, Baba Wanne. Mtu wa Tabora anayepanga safari ya bembea kati ya Novemba na Aprili bila kutazama mawingu namwonea huruma, ila nusu tu.

Kwanza mwache kijana na jumba lake. Lile si puto la kufunga mdomo. Linasimama kwa sababu feni inalipuliza muda wote, maana hewa inavuja kwenye mishono. Mvua na umeme havikai nyumba moja, kwa hiyo mwenye akili huwatoa watoto kwanza, kisha anachomoa waya. Kama alifanya hivyo kwa mpangilio huo, mpe mkono. Kama alianza na waya huku watoto wako wamo ndani, niandikie tena, barua hiyo nitaijibu kwa sauti nyingine.

Pili, usidai hela, dai siku. Aandike nyuma ya tiketi kwamba mtaingia tena jua likiwaka, na aweke sahihi. Hata Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alikuta njia ya Ujiji imefungwa na vita vya mtemi Mirambo. Akaingia vitani bega kwa bega na Waarabu wa Unyanyembe, huku kwetu Tabora, wakapigwa, mwishowe akazungukia kusini hadi akamkuta Livingstone. Sijasikia kwamba aliwadai watemi wamrudishie ushuru aliowalipa njiani.

Wakati mnasubiri, nunua karanga za kuchemsha, toa matobolwa ya viazi vitamu uliyobeba nyumbani (ulibeba, sivyo?), mkae bandani. Msijikinge chini ya mwembe. Mimi mwenyewe ni Bibi wa Mwembeni, lakini radi ikianza nahamia barazani.

*Bibi, mimi ni Mzaramo niliyeoa Unyamwezini. Mashemeji walisema wananipeleka mahali pa kufurahisha watoto. Daladala ya Kipalapala ikatushusha Itetemia, tukakanyaga matope zaidi ya kilometa mbili mpaka Kwihara, kwenye nyumba ya Livingstone. Hakuna bembea, hakuna chipsi, mvua tele. Hii si dharau? – Mkwe wa Pwani*

Mtani wangu, wewe! Babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka huku hadi Bagamoyo, na walipofika kwenu mkawauzia maji kwa bei ya dhahabu. Wewe umebeba mwavuli kilometa mbili, tayari umeshika kalamu.

Walikupeleka penyewe. Tembe lile lenye mlango wa nakshi ndipo Stanley alipomwacha Livingstone Machi 1872, asubiri wapagazi watakaotumwa kutoka pwani. Mzee alisubiri hadi Agosti. Kwa hiyo mtu wa pwani anayelalamika kwamba amecheleweshwa Kwihara ana deni la zamani.

Na si Livingstone peke yake aliyesubiri. Mji huu wa Tabora umekuzwa na watu waliokaa kusubiri. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mkulima, na mvua zikianza wengi walitaka jembe, si mzigo. Tajiri mwenye vitambaa na shanga zake akatulia Unyanyembe, akala, akanenepa, akaoa. Sasa watoto wako wamesimama barazani saa moja wakitazama maji yakichuruzika, ukaona wamenyimwa burudani! Wape bao na kete, wafundishe kuibia hesabu kama mjomba wao. Hakuna bembea ya mjini inayochosha mtoto kiasi hicho, na bao halihitaji umeme.

Chipsi, hapo nakuunga mkono. Mdai shemeji mkubwa chipsi mayai, sahani moja kwa kila mtoto, na usikubali neno la "mwezi ujao".

*Bibi, mchumba alinipeleka kwenye bembea. Mvua ilipoanza akavua koti, nikafurahi. Akaenda kufunika kiti cha pikipiki. – Niliyelowa, Cheyo*

Binti, kabla sijamlaani: pikipiki ni yake, ya mkopo, au ya kuazima?

Kama ni yake, achana naye, ameshaoa. Kama ni ya mkopo, mvumilie mpaka amalize marejesho, halafu mpime tena kwenye mvua nyingine. Kama ni ya kuazima, kijana anatunza mali ya watu, na wazazi wako watampenda kuliko unavyompenda wewe. Ila asije kuleta posa na koti moja. Anunue la pili kwanza.