Tausi, Kaa na Karavati la Jangwani

Mzee Kobe alipofariki, wanyama wa bonde la Msimbazi, kuanzia vilima vya Pugu mto unakochimbuka hadi mikoko ya Selander unakoingia baharini, walikutana Jangwani kumtafuta mkuu mpya. Jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Tausi. Nani asiyemjua? Amelelewa kwenye bustani ya Ikulu, na sifa zake zimefika Kigoma na Mtwara. La pili lilikuwa la Kaa.

"Kaa yupi?" akauliza Mbuzi.

"Mji mkubwa hauwezi kuongozwa na asiyejulikana," akasema Kunguru. "Akifika Dodoma, nani atamfungulia mlango?"

Neno hilo lina uzito, silipuuzi. Meya wa Dar es Salaam huchaguliwa na madiwani wenzake, na mkazi anaweza kumaliza mwaka mzima bila kulisikia jina lake. Nayo miradi mikubwa ya madaraja na mito haikamiliki bila serikali kuu.

Chura akasimama. "Mheshimiwa Tausi, karavati letu limezibwa na nini?"

"Hilo mtanieleza mkishanichagua." Wakampigia makofi, wakamchagua.

Masika yakaingia Tausi akiwa safarini, kaalikwa mikoa mitatu. Maji yakapanda usiku, na wazee wakakumbuka Desemba 2011, mafuriko yaliyowahamisha watu wa mabondeni hadi Mabwepande. Kaa hakungoja kutumwa. Aliingia karavatini kinyumenyume, Panya nyuma yake, akaanza kuchomoa: chupa za plastiki, kandambili ya mguu mmoja, kisha godoro lililolowa likawa zito kama jiwe. Alilikata kwa gando, kipande kwa kipande. Aliujua mtaro ule kwa miguu yake yote, ulipopasuka na mchanga unapoanza kujaa. Kulipopambazuka maji yalikuwa yakishuka, na watoto wa Chura walikuwa hai wote.

Mimi moyo wangu uko na Kaa. Anayelala bondeni hahitaji meya anayetambulika Mwanza. Anahitaji meya anayejua maji yatapita wapi usiku wa leo.

Hata hivyo Kaa mwenyewe aliona mbali kuliko mimi. Tausi aliporudi, Kaa hakumlaumu.

"Ndugu yangu," alimwambia, "mchanga huu utarudi masika yajayo, na magando yangu hayatoshi. Sauti yako inafika nisikofika. Ila utaomba nini, na hujawahi kushuka huku?"

Tausi akautazama mtaro, akautazama mkia wake. Akaukunja, akashuka, tope likamfika magotini. Akainama, akachota mchanga kwa mdomo, akautema.

"Unatoka wapi?"

"Juu, Pugu."

"Nipeleke."

Wakaondoka wakifuata mto, Kaa mbele, na nyuma yao mkia ukiburura mstari mrefu topeni.