Kahawa ya Senti 69

Chama chetu cha watu wa pwani waishio Brussels, ambacho hukutana Matonge katika mtaa wa Ixelles, kina ada nyingi za kale na moja mpya: kila anywaye kahawa mkutanoni huandikiwa senti 70 kwa kikombe, na deni hulipwa mwisho wa mwezi. Hesabu hiyo ilitungiwa programu ya lugha ya C na kijana wetu mmoja, hodari wa kompyuta na mvivu wa kuosha vikombe. Na kwa kuwa mweka hazina alikuwa na kompyuta kuukuu ya biti 32 yenye Linux, na katibu mpya ya biti 64, programu ile ile ilitiwa katika zote mbili pasipo kubadilishwa hata herufi.

Mwezi ulipokwisha, daftari la katibu lilisema kikombe ni senti 70, na la mweka hazina likasema 69.

“Bwana mweka hazina,” akauliza mzee mmoja, kwa upole unaoogofya kuliko ukali, “senti hii imeota miguu?”

“Wallahi mzee wangu, sikuigusa.”

Naye alisema kweli. Kompyuta huhesabu kwa 0 na 1 tu, na katika hesabu hiyo 0.7 haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho katika desimali zetu. Basi huhifadhiwa namba jirani, iliyopungua kidogo mno. Kijana aliizidisha kwa 100, kisha akakata mkia wote wa desimali. Kompyuta ya katibu, ikishika biti 53 za tarakimu za namba, ilikadiria jawabu ikaangukia 70 barabara. Lakini ile kuukuu, kwa desturi ya Intel tangu chipu ya 8087 ya mwaka 1980, ilishika biti 64, ikaona waziwazi 69.99999999999999556, na mkia ulipokatwa ikabaki 69. Ajabu ni kwamba iliyoona zaidi ndiyo iliyopunja, na yenye macho hafifu ndiyo iliyotoa haki. Na kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, iliyokuja kuzipatanisha mashine, haikuiharamisha hata moja.

Laiti kijana angaliwauliza wakubwa wa mji anaokaa! Kanuni nambari 1103/97, iliyopitishwa na Baraza la Umoja wa Ulaya mwezi wa Juni 1997, kabla faranga ya Ubelgiji haijafungwa kwa 40.3399 kwa yuro moja, iliamuru fedha iliyobadilishwa kuwa yuro ikadiriwe kwa senti iliyo karibu zaidi, na ikiwa katikati hasa, ipande. Ruhusa ya kukata mkia haimo.

Kijana alitii, akatumia lround, ikadiriayo kwa namba kamili iliyo karibu, daftari zikapatana. Lakini, kwa adabu nyingi aliyonayo, aliona vema fedha ziandikwe kwa mkato badala ya nukta, kama waandikavyo wenyeji, akatia setlocale ya Kifaransa cha Ubelgiji. Na amri hiyo, pamoja na kuandika, hugeuza pia kusoma, hali faili la bei lilikuwa na nukta. Kazi ya strtod, isomayo namba, ilifika penye 0.70, ikasoma sifuri, ikakuta nukta isiyoitambua, ikasimama hapo. Mwezi ule kahawa ilikuwa bure katika kompyuta zote mbili, katibu na mweka hazina hawakuhitilafiana hata kwa senti, na yule mzee aliisifu programu kwa maneno mengi, akaomba kikombe kingine.