Baridi ya Dodoma na Betri ya Jirani

Baridi ya Dodoma imesingiziwa mengi, lakini hili la betri limepita kiasi.

Ikifika Julai, saa kumi na mbili alfajiri, mtaani kwetu Kisasa utamsikia jirani akitekenya gari lake lenye umri wa kupiga kura: nyii, nyii, nyii, kimya. Anatoka na koti zito, mtandio shingoni, mikono kwapani. "Jamani, baridi! Njooni mnisukumie." Yeye yuko kwenye gia namba mbili, sisi tuko kwenye vumbi. Alihamia na serikali kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo nyuzi 14 anazihesabu kama barafu.

Kule Yakutsk, Siberia, Januari hushuka hata chini ya nyuzi 40 hasi. Magari huvishwa blanketi, mengine huachwa yakinguruma kutwa, maana yakizimwa huenda yasiwake tena. Oili hukaza kama ugali wa uwele uliolala, na betri hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Hao walalamike.

Betri ya jirani iliuawa na joto la Oktoba na Novemba, lililokausha maji yake huku mwenyewe hajafungua vifuniko tangu ainunue. Baridi imekuja kutangaza msiba tu.

Juzi nilimshauri anunue mpya. "Mzee, si tungoje Septemba? Baridi itakwisha."

Haya. Ila kesho, jirani, usinigongee. Goti langu nalo limeingia baridi.