Mwongozo wa Kumwaga Siri za Ofisi Bila Kutoka Jasho

Ukitaka siri za ofisi yako zijulikane mji mzima, huna haja ya kumtafuta mdukuzi. Weka kompyuta moja juu ya kaunta, ifungulie akaunti moja tu, na nywila iandike kwenye kikaratasi ukibandike pembeni ya skrini. Karani wa asubuhi aitumie, wa jioni aitumie, na mtoto wa mwenye duka acheze gemu akitoka chuoni. Kisha kiache kile kisanduku cha kutafutia kilichoko chini ya skrini kifanye kazi yake.

Kazi yenyewe ni hii. Kompyuta ikiwa haina shughuli, programu ya kutafutia hupita folda baada ya folda, ikasoma majina ya mafaili na maneno yaliyomo ndani ya nyaraka, ikayaweka yote katika faharasa yake. Ndiyo maana jibu huja kabla hujamaliza kuandika. Katika Windows, programu hiyo hufuata ruhusa za kila akaunti: faili usiloruhusiwa kulifungua hutaonyeshwa. Lakini akaunti ikiwa ni moja kwa watu wote, kila anayekalia kiti anahesabiwa kuwa ndiye mwenyewe.

Hatua inayofuata ni kukusanya, na hapa maduka ya stationari ya Mji Mkongwe yamebobea. Anaingia bi mkubwa na simu mkononi.

“Mwanangu, nitolee kopi ya kitambulisho na barua ya sheha.”

“Nitumie kwa WhatsApp, bibi. Namba ile pale ukutani.”

Picha inaingia, inapakuliwa, inachapishwa. Bi mkubwa analipa, anakwenda zake. Picha yake inabaki, pamoja na cheti cha ndoa cha mwengine, wasifu wa kijana anayeomba kazi hotelini, na majibu ya hospitali ya mtu ambaye hata mkewe hajamwambia. Picha zinazopakuliwa kutoka WhatsApp hupewa jina linaloanza na neno hilohilo, likifuatiwa na tarehe na saa. Andika “WhatsApp” kwenye kisanduku, zitajipanga mbele yako. Andika “talaka”, zitatoka barua zote zilizopigwa chapa hapo tangu kompyuta iliponunuliwa. Zamani mbea alilazimika kupekua kabati zima, na huenda akafumaniwa. Siku hizi herufi sita zinamtosha, na anayemwona atadhani anafanya kazi.

Hili linaniuma kwa sababu Unguja ni ndogo. Mtu wa Kikwajuni ana jamaa Mbuzini, na jamaa ana shoga Darajani. Siri iliyotoka dukani asubuhi, barazani inafika kabla ya alasiri, na mwanamke aliyekwenda kupigiwa chapa barua ya mahakamani anakuta mambo yake yamemtangulia nyumbani.

Hatari hii si ngeni. Google ilipotoa programu yake ya kupekua kompyuta, Oktoba 2004, ilikuwa ikiweka nakala za barua pepe na kurasa ambazo mtu alizifungua. Kwenye kompyuta ya watu wengi, aliyekaa wa pili aliweza kusoma ya wa kwanza. Desemba mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, wakagundua tundu lililoweza kuiachia tovuti ya nje ichungulie vipande vya majibu, na Google ikaliziba. Februari 2006 likaja toleo la tatu: aliyekubali kutafuta toka kompyuta moja hadi nyengine, maneno ya mafaili yake yalihifadhiwa kwenye mitambo ya Google. Shirika la kutetea haki za mtandaoni la Electronic Frontier Foundation liliwataka watu wasiitumie huduma hiyo. Programu ilikufa 2011. Mei 2024 Microsoft ikatangaza Recall, inayopiga picha ya skrini kila baada ya muda mfupi ili uweze kutafuta chochote ulichowahi kukiona. Watu walipiga kelele mpaka ikacheleweshwa, na iliporudi ikawa haiwaki mpaka uiwashe. Kwenye kompyuta ya kaunta, isiwashwe abadan.

Kwa nyumba za wageni za Shangani na Kiponda, fanya hivi: kila pasipoti iskani, ihifadhi kwa jina la mgeni, usifute hata moja. Milango yenu ni ya mninga na njumu za shaba, na mwizi wa usiku ataiona kazi ya kuivunja. Wa mchana ataomba kuchapisha tiketi ya boti tu, na karani, kwa ukarimu wake, atamwachia kiti.

Anayetaka kuuharibu mwongozo huu hatumii pesa nyingi. Kila mfanyakazi apewe akaunti yake. Anayeinuka abonyeze kitufe cha Windows na L. Mafaili ya wateja yatolewe kwenye orodha ya folda zinazopekuliwa, ingawa hilo peke yake halimzuii mwenye kuifungua folda kwa mkono wake. Kwa hiyo dawa ni kufuta: kopi ikishatoka na mteja akishalipa, picha ifutwe mbele ya macho yake, na pipa la taka la kompyuta limwagwe. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Mteja anayesimama kaunta na kusema “ifute nione” anadai haki yake, na asionekane mkorofi.

Hatua ya mwisho ya mwongozo ni diski. Kompyuta ikiharibika, mpelekee fundi nzima nzima, na ikichoka iuze. Diski isiyofungwa kwa usimbaji husomeka ikichomekwa kwenye kompyuta nyengine yoyote, nywila yako iwe imejaa alama kiasi gani. Mafaili yamo, na faharasa imo, tayari imeshampangia mnunuzi aanzie wapi.