Jinsi ya Kuamua Kusomea Unesi Ukiwa Ololosokwan

Mwongozo huu haumhusu binti aliyemaliza kidato cha nne Novemba iliyopita. Huyo aende tu chuo, mengine atayajua mbele kwa mbele. Unamhusu mwanamke ambaye watu wameshaacha kumuuliza anasoma wapi, sasa wanamuuliza ana watoto wangapi; ambaye cheti chake kimo ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku la bati; na ambaye usiku, mbwa wakibweka, hujikuta akiwaza sare nyeupe badala ya fisi.

Anza kwa kuomba ushauri, na uuombe kwa wasiohusika kabisa, maana ndio wenye muda. Mama mkwe atakuuliza nani atakamua. Mume atasema "tutaangalia", jibu ambalo kwa adabu zetu lina maana ya hapana, ila linaacha chai iendelee kunyweka. Shemeji aliyewahi kukaa Narok atakwambia uvuke tu mpaka ukasome Kenya, huko mambo ni chapchap. Muulize yeye alisomea nini huko, utaona anavyokumbuka ghafla kwamba ana mbuzi wa kuogesha. Kijana wa bodaboda atasema unesi hauna hela, kasomee udaktari. Kemia yenyewe aliiachia kidato cha pili, lakini ushauri hautozwi ushuru.

Mtu mmoja usimuulize: enkaitoyoni, mkunga wa boma. Huyu anaweza kukupa jibu. Amepokea watoto miaka nenda miaka rudi kwa mikono mitupu, na anajua kwa hakika jambo ambalo wengine wanalikisia: damu ikigoma kukata baada ya kondo kutoka, mitishamba na maombi vyote vinashindana na dakika. Ukimuuliza usome au usisome, yeye atakuuliza ile sindano ya kukaza mji wa mimba kama ipo, na nani ataichoma saa nane usiku, mvua ikinyesha na korongo limejaa. Kama bado unafurahia kusitasita, mkwepe.

Kisha jipime kipaji. Hapa huhitaji kwenda mbali, kwa sababu kazi yenyewe umeshaianza bila mshahara. Nesi aliyepangiwa huku akitokea Kyela au Kasulu ni mtu mwema, ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ila Kimaasai chake kinaishia kwenye "sopa". Akija bibi asiyejua Kiswahili, nesi anachungulia nje kutafuta mtu aliyepita shule. Mtu huyo ni wewe, uliyekuja kumpeleka mtoto chanjo. Bibi anaeleza kwa kirefu: homa inayokuja na kuondoka, viungo kuuma, jasho la usiku, mkwe asiyemheshimu. Nesi anauliza, "Anasemaje?" Unamwambia, "Homa." Nesi anawaza malaria. Wewe, ambaye hakuna aliyekuomba maoni, unajua kwamba bomani kwao ng'ombe walitupa ndama mwezi uliopita na maziwa bado yananywewa mabichi. Unajikuta unamuuliza bibi habari za ng'ombe hao, kisha unamgeukia nesi kumtajia ule ugonjwa wa maziwa ambao wafugaji waliufahamu kabla maabara haijaupa jina la bruselosi. Siku utakapouliza swali ambalo nesi hakuliuliza, jua yamekukuta. Panadoli haisaidii.

Utaambiwa Ololosokwan haina shida ya wauguzi, kwa sababu UNESCO na Samsung walituletea kijiji cha kidijitali, chenye umeme wa jua na tiba ya masafa. Ni kweli, na ni jambo la heri. Lakini hakuna kioo kilichowahi kudaka mtoto akitoka.

Sasa fungua sanduku. Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, na mlango wake ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. D inatosha, na kwa Baraza la Mitihani D huanzia alama 30. Ile A ya Bible Knowledge, ambayo mchungaji aliitangaza kanisani, chuo hakiihesabu. Kama Fizikia imekaa na F, usilie: kurisiti kupo, unajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya mtihani Novemba. Kama ulikatishwa kwa mimba, fahamu kwamba tangu Novemba 2021 serikali ilishafuta marufuku ya waliojifungua kurudi darasani, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina madarasa kwa walioachwa nyuma. Utakaa dawati moja na watoto watakaokuita mama. Mada ya uzazi utaifaulu bila kufungua daftari. Ya umeme na sumaku itakutoa jasho.

Hapo ndipo atakapotokea mzee wa kukukumbusha kwamba wilaya hii hii iliwahi kutibu nusu ya Afrika Mashariki bila D yoyote. Anamaanisha mwaka 2011, pale Samunge, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, yaani Babu wa Loliondo, alipogawa kikombe kwa shilingi 500 na foleni ya magari ikapimwa kwa kilomita. Usibishane naye, mwenyewe alikunywa. Mwulize tu kwa upole wale waliotolewa wodini na kufia foleni wangehudumiwa na nani, kisha mwongeze chai.

Suala la fedha ni fupi. Bodi ya mikopo iliyo karibu nawe ina pembe. Ada, sare, vitabu, hosteli, na bima ya mwanafunzi ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400, vyote vinatoka zizini, na zizi lenyewe si la zamani. Tangu vigingi vya pori la Pololeti visimikwe Juni 2022 na kilomita za mraba 1,500 kutengwa kwa ajili ya wanyamapori, hesabu za malisho zimebadilika. Hili mkumbushe mume wakati anaendelea kuangalia: cheti hakinywi maji, hakivuki kigingi kwa bahati mbaya, na hakuna askari anayeweza kukikamata na kukitoza faini.

Chuoni, iwe Haydom au KCMC, jiandae kwa fedheha ndogondogo. Somo la kwanza la vitendo ni kutandika kitanda. Wewe uliyejenga nyumba nzima kwa mikono yako, fito, majani na samadi, na haivuji, utakatwa alama kwa sababu ya kona ya shuka. Mkufunzi atakayekukata, umri wake ni wa mdogo wako wa mwisho. Sema "ndiyo, madamu".

Kuhusu ajira, matangazo hupendeza kuyasoma. Ukishapata leseni utaomba, utasubiri, utajitolea mahali kwa nauli na chai, kisha siku moja jina litatoka, nawe umepangiwa Newala. Huko utakuta bibi wa Kimakonde ambaye Kiswahili chake hakikutani na chako, na utachungulia nje kutafuta binti aliyepita shule. Mwezi huo huo nesi mpya aliyepangiwa Ololosokwan atakuwa ameshaandika barua ya uhamisho kumfuata mwenza, mwenza ambaye siku ya kuripoti hakuwa amezaliwa moyoni. Nchi ina wauguzi wanaojua Kimaasai na ina vituo vinavyowahitaji, na anayepanga majina amefanikiwa kuzuia wasikutane. Kwa hiyo andika barua yako ya uhamisho kabla hujaripoti, uiweke pamoja na cheti.

Ikiwa baada ya yote haya bado unataka kwenda, basi uliamua zamani na ulikuwa unasoma kwa kujifurahisha. Dirisha la udahili halisubiri mnada, na bei ya mnada hushuka kiangazi kinapokolea, kwa hiyo peleka mnyama mapema kabla mbavu hazijahesabika. Mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka atakuja na shilingi za Kenya na maneno matamu. Badilisha fedha kichwani kabla ya kutabasamu. Uza dume. Mtamba mwache, hata wakupe bei gani: ada ya mwaka wa tatu iko tumboni mwake.