Kamati ya Masomo ya Hiari

Ukisomea uhandisi wa kemikali na kwenu ni Dundori, utaletewa majani ya viazi. Mengine huja yamefungwa kwa gazeti, mengine mkononi mwa mtoto aliyetumwa: "Mama amesema uangalie hii ni nini." Huku kwetu viazi ndivyo karo, ndivyo mahari, ndivyo bili ya hospitali, na kemikali inayojulikana ni ile ya kupulizia ukungu. Nilimweleza jirani mmoja, hatua kwa hatua, kwamba mimi nasomea mambo ya matangi, mabomba na joto. Alinisikiliza hadi mwisho, tena kwa heshima, kisha akauliza atie vifuniko vingapi kwenye pampu ya lita 20.

Nilikuwa nyumbani, likizo ya kuingia mwaka wa tano, orodha ya masomo ya hiari ilipotumwa. Shahada yetu huchukua miaka 5, na katika 4 ya kwanza hakuna anayekuuliza unapenda nini. Unapewa thamodainamiki, unameza. Unapewa mtiririko wa viowevu, unameza. Mwishoni ndipo unaambiwa uchague mawili, nawe unababaika kama mwanafunzi wa bweni aliyekula githeri tangu kidato cha kwanza halafu ghafla akaletewa menyu. Niliisoma orodha kwa sauti jikoni: petroli, karatasi, sukari, nishati ya mvuke wa ardhini, maji, na mengine. Kuanzia hapo ikawa mali ya umma.

"Petroli," Baba akasema bila kuinua macho kwenye chai. Mwaka wa 2012, mafuta yalipopatikana katika kisima cha Ngamia 1 kule Turkana, alilihifadhi gazeti la habari hiyo pamoja na hatimiliki ya shamba. Mjomba, aliyeendesha lori la Mombasa kwa miaka mingi, akamwuliza hayo mafuta yatasafishwa wapi, ilhali kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka wa 2013. "Huyu kijana atasafisha nini? Matangi?"

Tukahamia karatasi. Kiwanda cha Webuye kilifungwa 2009. Tukahamia sukari. Mumias ilikabidhiwa mrasimu 2019. Kila somo lilikuwa na matanga yake, na Mjomba alizijua tarehe zote, kwa sababu kila palipofungwa palikuwa na mzigo aliokuwa akiubeba. Nilianza kushuku kwamba orodha ile haikuandikwa na wahadhiri, imenakiliwa kutoka ukurasa wa vifo.

Mvuke ndio uliokosa wa kuulilia. Olkaria inazalisha umeme tangu 1981, na Menengai, iliyo upande wetu wa magharibi, ilianza kuchorongwa 2011. Hata Mjomba akanyamaza.

Hapo nyanya yangu, Cucu, aliyekuwa akimenya viazi huku akijifanya hasikii, akauliza pareto iko wapi.

Nikatazama tena. Haikuwemo. Cucu alichuma maua ya pareto nusu ya maisha yake, enzi ambapo Kenya iliongoza ulimwengu kwa zao hilo na miinuko hii ya Nakuru na Nyandarua ilikuwa myeupe kwa maua. Kutoa sumu ya wadudu ndani ya ua kavu kwa heksani, kisha kuirudisha heksani itumike tena, ni uhandisi wa kemikali mtupu, wa kutoka mlangoni petu. "Hawafundishi pareto," nikasema. Akakata jicho la kiazi. "Hicho chuo kiko nchi gani?" Nimewahi kusikia kuhusu kamati za kukagua mitaala, zinazokaa hotelini na kunywa maji ya chupa. Sidhani kama kuna iliyowahi kuuliza swali zuri kuliko hilo.

Mama alitaka maji, na hoja yake ilikuwa meno. Ukifunua albamu yetu utaona binamu zangu wa kule bondeni, wanaokunywa maji ya visima, wanavyopigwa picha midomo imefumbwa. Ni floraidi, ambayo miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huimwaga ndani ya maji kupita kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Dawa yake mojawapo, ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru iliieneza, ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa, inasagwa, maji yanapitishwa humo, na floraidi inang'ang'ania mfupa badala ya kung'ang'ania meno yako. Mimi hilo lilinivutia kwa dhati. Mama alijali picha ya mahafali.

Basi ikaamuliwa mvuke na maji, kwa kura zote, Baba akiwa amesusia. Usajili ulikuwa unafungwa usiku wa manane, na mtandao kwetu hupatikana juu kwenye hori la ng'ombe. Nikasimama pale kwenye umande, Mama akinimulika kwa tochi ingawa simu ina mwanga wake, ng'ombe akinilamba kiwiko. Maji yakakubali. Mvuke ukasema umejaa. Nikajaribu vyakula, vimejaa. Polima, zimejaa. Kilichobaki na nafasi, tena tele, kilikuwa sukari.

"Mumias?" Baba akauliza asubuhi. Sikujibu.

Dundori nzima ikajua kabla ya maziwa kuchukuliwa. Jioni akaja mzee mmoja wa kule chini, ambaye hajawahi kuniletea jani lolote. Alikataa kiti, alikataa chai, akanivuta nyuma ya zizi.

"Kijana, hiyo sukari yako inafika mpaka kwa molasi?"

Nikamwambia inafika. Molasi huchachushwa, kisha ikakenekwa.

"Ikakenekwa," akarudia polepole, akitazama huku na huku. Halafu akataka kujua masomo yanaanza tarehe ngapi, na kama wanapokea watu wazima.